Romansia Iliyosahaulika na Ziwa la Ujiji: *My Kalulu* ya H. M. Stanley Mbele ya Nathari ya Awali ya Kiswahili

Ikisiri

Katika miongo ya karibuni wahakiki wa fasihi ya Kiingereza wamefufua mamia ya kazi za kinathari za enzi ya Ulimbwende ambazo zilikuwa zimesahaulika. Makala hii inauliza iwapo mbinu hiyo ya ufufuaji inaweza kuwafaa wahakiki wa Kiswahili wanaposhughulikia maandishi yanayohusu Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mfano unaochunguzwa ni *My Kalulu* (1873), romansia ya vijana iliyoandikwa na Henry Morton Stanley baada ya safari yake ya Ujiji. Inasomwa sambamba na tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi (Tippu Tip) na simulizi ya safari ya Selemani bin Mwenye Chande. Makala inadai kuwa romansia hiyo inastahili kusomwa upya, lakini kama ushahidi wa namna Kiswahili kilivyogeuzwa pambo katika nathari ya Kiingereza. Haistahili kupewa kipaumbele mbele ya nathari ya Kiswahili ya kipindi hichohicho.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu, kusoma nathari bunifu ya Kiingereza ya enzi ya Ulimbwende kulimaanisha kuwasoma Jane Austen, Walter Scott na wachache wengine. Hali hiyo ilianza kubadilika kwa kazi ya subira ya wanabibliografia. Mwaka 2000 Peter Garside, James Raven na Rainer Schöwerling walitoa orodha yao ya riwaya za Kiingereza za kuanzia 1770 hadi 1829. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Cardiff kikatoa kanzidata ya nathari bunifu ya Uingereza ya miaka 1800 hadi 1829, yenye kazi 2,272. Idadi hiyo peke yake ni hoja. Riwaya sita za Austen, na hata ukiziongezea zote za Scott, ni sehemu ndogo sana ya kile kilichosomwa. Kazi nyingi zilichapishwa bila jina la mtunzi, sehemu kubwa iliandikwa na wanawake, na wachapishaji kama Minerva Press ya London walizisambaza kupitia maktaba za kuazimisha kwa malipo. Msomaji wa wakati ule hakuishi ndani ya kanoni tunayoifundisha leo.

Kazi hiyo imewaachia wahakiki funzo la kimbinu: kwamba kusahaulika kwa matini si hukumu ya ubora wake. Matini husahaulika kwa sababu ya bei, lugha, jinsia ya mtunzi, mtaala wa shule au kufungwa kwa kiwanda cha uchapaji. Lakini funzo hilo lina upande wa pili ambao haujadiliwi vya kutosha. Kufufua ni kuchagua. Muda wa mtafiti, nafasi katika jarida na fedha za toleo jipya vikienda kwa matini moja, haviendi kwa nyingine. Katika vyuo vya Afrika Mashariki, ambako wahariri wa matini za kale ni wachache, swali la nani afufuliwe kwanza ni swali la haki.

Ujiji unafaa kulijaribia swali hilo. Burton na Speke waliufikia mji huo mwaka 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Cameron alipita mwaka 1874, na Stanley akarudi mwaka 1876. Kila safari ilizaa vitabu. Kumbukumbu rasmi ya mji, yaani mnara na miembe inayoonyeshwa wageni, imejengwa juu ya tukio moja lililosimuliwa kwa Kiingereza. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shughuli za bandari zilihamia kaskazini, na Ujiji ukazidi kujulikana kwa tukio hilo kuliko kwa biashara, dini na lugha zilizoufanya kuwa mji.

2.0 Romansia na urithi wake

*My Kalulu* ilichapishwa London mwaka 1873, mwaka mmoja baada ya *How I Found Livingstone*. Ni kitabu cha enzi ya Viktoria na si cha Ulimbwende. Hata hivyo, muundo wake hauelezeki bila urithi wa Ulimbwende. Selim, kijana Mwarabu wa Zanzibar, anafuatana na baba yake katika msafara wa kwenda kutafuta pembe huko Rua, ng'ambo ya ziwa. Msafara unaangamizwa, baba anauawa, na kijana aliyezoea kuhudumiwa na watumwa anakuwa mtumwa wa Watuta. Anaokolewa na urafiki wa Kalulu, mwanamfalme wa Watuta. Baadaye Kalulu mwenyewe anapoteza cheo chake na kuonja utumwa, na duara la kisa linafungwa Zanzibar.

Msomaji wa Scott atavitambua vijenzi hivi mara moja: mrithi halali anayenyang'anywa haki yake, udugu wa viapo kati ya vijana wa pande mbili zenye uadui, na kushuka kwa mtu wa daraja la juu ili ajifunze utu kabla ya kurejeshewa hadhi. *Waverley* (1814) na *Ivanhoe* (1819) zilikuwa zimekwisha kuufanya muundo huo kuwa mali ya kila msimulizi wa Kiingereza. Upande wa Selim unatoka katika tawi jingine la enzi ileile, yaani simulizi za Mashariki kama *Anastasius* ya Thomas Hope (1819) na *Hajji Baba* ya James Morier (1824). Katika simulizi hizo Mwislamu ndiye kiini cha kisa, lakini kiini kilichopimwa kwa mizani ya msomaji wa Ulaya.

Kinachoifanya *My Kalulu* kuwa na uzito ni lengo lake. Stanley alitaka kuwaonyesha wavulana wa Uingereza na Marekani ubaya wa biashara ya watumwa, na alichagua kufanya hivyo kwa kumtia mtoto wa mwenye watumwa katika minyororo. Uamuzi huo una nguvu ya kimaadili ambayo haifai kupuuzwa. Kitabu kilitoka katika mwaka uleule ambapo Sultani Barghash alitia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Tena, kumfanya shujaa kijana wa Watuta, kundi lililoogopwa na misafara yote ya njia ya ziwani, ni kwenda kinyume na simulizi za kawaida za wasafiri.

Hata hivyo, utanzu una masharti yake. Romansia huhitaji mwanamfalme, hivyo utu wa Kalulu unathibitishwa kwa nasaba yake. Mpagazi asiye na nasaba hapewi nafasi ya kuwa na undani wa moyo. Biashara ya watumwa inalaaniwa, lakini kilio kinachosikika zaidi ni cha wale ambao hawakustahili, kwa mujibu wa mantiki ya kisa, kuwa watumwa. Wale waliozaliwa humo wanabaki kuwa waaminifu na wenye furaha. Huu ndio mpaka wa kimaadili wa kitabu, nao umewekwa na umbo lake kabla ya kuwekwa na maoni ya mwandishi.

3.0 Majina kama ushahidi wa kiisimu

Uhakiki wa Kiswahili una chombo ambacho wahakiki wa Kiingereza hawakitumii sana wanaposoma vitabu vya aina hii: lugha yenyewe. Katika *My Kalulu*, Kiswahili kinajitokeza zaidi kama majina na maneno machache ya kutia ladha ya mahali. Mgawanyo wa majina hayo una utaratibu. Waarabu wana jina, jina la baba na jina la babu, vikiunganishwa kwa *bin*. Watumishi wao wakuu wanaitwa Simba na Moto. Ni kweli kwamba majina ya mazoea yalikuwapo katika misafara. Miongoni mwa watu wa Stanley mwenyewe alikuwapo Ulimengo, ambalo ni *Ulimwengu* lililoandikwa kwa sikio la mgeni. Lakini katika msafara halisi jina kama hilo lilikuwa la mtu mwenye historia, mshahara na ugomvi wake. Katika romansia, Simba ni jitu lenye nguvu kwa sababu jina limekwisha kusema hivyo. Nomino ya kawaida ya Kiswahili imefanywa kuwa istiari, na istiari imechukua nafasi ya wasifu.

Jina la Kalulu lina mengi zaidi ya kusema. Stanley anaeleza katika *How I Found Livingstone* kwamba mtoto aliyepewa na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe mwaka 1871 aliitwa *Ndugu M'hali*. Analitafsiri jina hilo kuwa mali ya ndugu yangu. Tafsiri hiyo haikubaliani na sarufi. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hutanguliza kimilikiwa, kisha kiunganishi *-a*, kisha mmiliki: *mali ya ndugu*. Mfuatano *ndugu* + *m'hali* hauwezi kuzaa maana hiyo bila kupinduliwa. Ama sehemu ya pili si neno *mali* hata kidogo, ama jina lilisikika nusu na kufasiriwa kwa kubahatisha. Vyovyote iwavyo, jina la asili la mtoto limetufikia likiwa limekwisha kuharibika, na aliyeliharibu ndiye aliyeamua kwamba halifai.

Majina mbadala yalipendekezwa na watu wa msafara, likiwamo Simba. Lililoshinda ni Kalulu, ambalo Stanley analifasiri kuwa ni mtoto wa swala mdogo. Muundo wa neno unaonyesha kiambishi *ka-* cha udogo, ambacho Kiswahili cha pwani kimekiacha katika matumizi ya kawaida lakini ambacho kingali hai katika lugha nyingi za bara. Katika Kibemba na Kichewa, *kalulu* ni sungura. Ni sungura yuleyule wa ngano anayeponea chupuchupu mbele ya fisi, simba na tembo kwa kutumia akili na miguu. Haiwezekani kuthibitisha kuwa waliompa mtoto jina hilo walikuwa na ngano hizo akilini. Inawezekana, hata hivyo, kuonyesha kwamba jina lilikuja na maana ambayo romansia haikuwa na mahali pa kuiweka. Fasiri ya Stanley inaleta picha ya mnyama mzuri wa kutazamwa. Maana ya bara inaleta picha ya mnyama asiyekamatika.

4.0 Kalulu wa kitabuni na Kalulu wa safari

Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Mtoto halisi alipelekwa Uingereza mwaka 1872, akasomeshwa huko, na mwaka 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika Westminster Abbey. Mwaka huohuo alirudi Afrika na Stanley. Mwaka 1876 msafara ulipokuwa katika eneo la Ujiji na ziwa, watu wengi walitoroka, na Kalulu akawa miongoni mwao. Alisakwa na kurudishwa. Mwezi Machi 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayapa maporomoko hayo jina lake. Habari ya kutoroka haikuvumbuliwa na wapinzani wa Stanley. Ameiandika mwenyewe katika *Through the Dark Continent* (1878).

Hapa ndipo uhakiki unapopata mizani yake. *My Kalulu* ni kitabu cha uaminifu. Urafiki wa vijana wawili unavuka kabila, dini na cheo, na ndio unaostahimili misiba yote. Miaka mitatu baada ya kitabu kuchapishwa, kijana aliyekiazima jina lake alipata nafasi ya kuchagua katika mwambao uleule wa ziwa, na akachagua kuondoka. Haifai kusema kwamba tendo hilo linaikanusha riwaya, kwa maana bunia haikanushwi na tukio. Lakini linaufanya ukimya wa riwaya usikike. Msomaji anayejua habari ya Ujiji ya 1876 hawezi tena kusoma kurasa za udugu bila kujiuliza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuukataa udugu huo, na kwa gharama gani. Kalulu wa kitabuni hapewi sababu ya kukimbia, na Kalulu wa safari hakupewa ukurasa wa kuieleza sababu yake.

5.0 Nathari ya Kiswahili ya njia ileile

Je, kuna maandishi ya kipindi hicho ambayo yanaisimulia njia ya ziwani kwa Kiswahili? Yapo, nayo hayako mbali. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi iliandikwa na mwenyewe kwa hati za Kiarabu, kisha Heinrich Brode akaigeuza katika hati za Kilatini na kuitoa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Toleo la W. H. Whiteley la miaka ya 1950 liliifikisha kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Katika matini hiyo Ujiji ni kituo cha biashara. Mtu hufika, huuliza bei ya pembe, huona kama kuna faida, na huvuka ziwa au hurudi. Hakuna mandhari ya kustaajabia, na hakuna haja ya kuwa nayo, kwa sababu msimulizi si mgeni wa mahali hapo.

Zaidi ya hayo, ndani ya tawasifu hiyo Stanley mwenyewe ni mhusika. Anafika Manyema mwaka 1876, anahitaji watu wa kumsindikiza, anafanya mapatano, anatoa ahadi. Tippu Tip anamsimulia kama mfanyabiashara anavyomsimulia mdaiwa: aliahidi hiki, akatoa kile. Kwa kurasa chache mwandishi wa romansia ametolewa katika romansia na kuwekwa katika hesabu. Kalulu alikuwa katika msafara huohuo. Hapa matini mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, zinapishana juu ya watu walewale, na uhakiki linganishi unaoanza na moja bila nyingine una upungufu tangu mwanzo.

Matini ya pili haijulikani sana. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo uitwao *Safari za Wasuaheli*, na humo imo simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara, kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Lyndon Harries aliingiza sehemu ya nathari hizo pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika kitabu chake cha 1965, na Thomas Geider akazichunguza kama utanzu wa maandishi ya safari. Pamoja na juhudi hizo, matini hii imetumiwa zaidi na wanahistoria wanaotafuta habari za hongo, bei na mapigano, kuliko wahakiki wanaotafuta umbo.

Umbo hilo lipo. Mnyororo wa vitenzi vyenye *-ka-* unakisukuma kisa mbele bila kutua, kama mwendo wa msafara wenyewe. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, *tu-*, ndicho mbeba tukio wa kawaida. Anayefika, anayelala na njaa, anayedaiwa hongo na anayevuka maji ni *sisi*. Nafsi hiyo ya wingi haifichi tofauti za vyeo ndani ya msafara, lakini inamnyima msimulizi nafasi ya kusimama pembeni na kujitazama akiwa shujaa. Romansia ya Stanley inahitaji uso mmoja mzuri wa kuukumbuka. Nathari ya Selemani inahitaji kundi lifike salama. Hizi ni nadharia mbili za usimulizi, na ya pili haikuazimwa kutoka kwa Scott.

6.0 Pingamizi mbili

Inaweza kudaiwa kwamba nathari hizi za Kiswahili nazo si huru. Velten na Brode walikuwa watumishi wa mfumo wa kikoloni wa Kijerumani. Wao ndio waliohimiza uandishi, waliohariri na waliochagua kilichochapishwa. Pingamizi hili ni la kweli, na mhakiki anayelipuuza atarudia kosa la kuiona matini kuwa sauti safi isiyopitia mkono wa mtu. Lakini upatanishi una viwango. Velten aliathiri mazingira ya uandishi, ila sintaksia, mpangilio wa matukio na kipimo cha kilicho muhimu vingali vya Selemani kwa kiasi ambacho uchanganuzi wa lugha unaweza kukionyesha. Kwa Kalulu hakuna sentensi hata moja ya kuchanganua.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kwa nini mhakiki wa Kiswahili ashughulike kabisa na romansia ya wavulana iliyoandikwa na mgeni? Jibu ni kwamba kuiacha ni kuwaachia wengine maana yake. Vitabu vya aina hii vilizoesha vizazi vya wasomaji wa Kiingereza kuliona ziwa kama jukwaa la majaribu ya kijana shujaa. Mazoea hayo hayakwisha karne ya 19. Mapambano ya meli ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yaliyoihusu meli *Graf von Götzen* ambayo baadaye iliibuliwa majini na kuanza tena kazi mwaka 1927 kwa jina la *Liemba*, yalimpa C. S. Forester msingi wa *The African Queen* (1935). Humo pia wenyeji wa mwambao wanaondolewa mapema ili kisa kiwe cha wageni wawili na mashua yao. Anayetaka kuieleza *The African Queen* kwa wanafunzi wa Kigoma atahitaji kuijua *My Kalulu*, kama vile anayetaka kumweleza Scott anavyohitaji kuzijua kazi nyingi za wakati wake zilizokaa gizani.

7.0 Hitimisho

Mfano wa wahakiki wa nathari ya Ulimbwende ni wa kuigwa kwa sharti moja. Walipofufua kazi zao zilizosahaulika, waliongeza wasomaji wa lugha iliyokuwa tayari na maktaba, kanzidata na matoleo ya kihakiki. Kiswahili hakina ziada hiyo. Kwa hiyo ufufuaji kuhusu Ujiji na mwambao wake unapaswa kufuata mpangilio. Kwanza ni toleo la kihakiki la simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, lenye tahajia ya Velten na tahajia sanifu zikiwa bega kwa bega, pamoja na maelezo ya msamiati wa misafara. Pili ni usomaji wa kifasihi wa Tippu Tip unaokwenda mbali zaidi ya kutafuta tarehe. Tatu, na baada ya hayo, ni *My Kalulu*, isomwe pamoja na hizo mbili na si peke yake.

Mpangilio huo hauitupi romansia ya Stanley. Unaipa kazi ambayo inaweza kuifanya vizuri: kuonyesha mahali ambapo majina ya Kiswahili yaliingia katika Kiingereza huku wenye majina wakibaki nje. Mtoto aliyeitwa Ndugu, jina ambalo sehemu yake ya pili haijulikani tena kwa hakika, alipita Ujiji mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1871, alikuja kwa kuwa alitolewa kama zawadi. Mara ya pili alijaribu kuondoka. Kazi ya uhakiki ni kuhakikisha kwamba safari hizo mbili zinasomwa pamoja.